Anayekwenda Ameandaliwa, Tunaobaki Je?

Jambo la leo ni la kanisani, lakini nyumba nyingi za hapa Tanga, Korogwe na Lushoto zina Wakristo na Waislamu, na mtoto akisafiri wote humsindikiza.

Tangazo lenyewe mtakuwa mmelisikia. Baada ya ndoa kutangazwa mara ya pili na mazao yaliyobaki kupelekwa mnadani nje ya kanisa, katibu wa usharika anasimama na kusema kijana wetu fulani amechaguliwa na dayosisi kwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja. Makofi, vigelegele. Kwaya ya vijana inaombwa isimame. Bahasha za mchango zinagawiwa. Na kwenye benchi la nyuma mtu anamnong'oneza jirani yake: huyo sasa maisha kayapatia.

Hapo kwenye benchi la nyuma ndipo ninapotaka tukae leo. Kijana anaandaliwa kwa miezi. Anafundishwa lugha, anahojiwa, anapelekwa semina, anapimwa afya. Sisi tunaobaki, wazazi, wajomba, mashangazi, wazee wa kanisa, hatuandaliwi hata kwa saa moja. Na kwa niliyoyaona na kuyasikia kwa vijana waliorudi, miaka mingi ya kujitolea imeharibikia huku nyumbani, kwenye simu.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini, maana wapo wanaokichanganya na ajira, na wapo wanaodhani ni masomo. Wajerumani wana desturi ya kijana kutoa mwaka mmoja wa kuhudumia watu, na desturi hiyo ilianzia kanisani. Mwaka 1954, mchungaji Hermann Dietzfelbinger, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya mashemasi wanawake kule Neuendettelsau, Bavaria, aliwaita mabinti wa Kilutheri watoe mwaka wa maisha yao kuhudumia wagonjwa na wazee, kwa kuwa mikono haikutosha. Mwaka 1964 serikali ikalitungia jambo hilo sheria. Kisha mwaka 2011 wakaacha kuwalazimisha vijana wa kiume kwenda jeshini. Sasa, kwa miaka mingi kijana asiyetaka kushika bunduki alikuwa anapelekwa kuhudumu hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo jeshi la lazima lilipoondoka na wale wakaondoka. Ikabidi serikali ianzishe utumishi mwingine wa hiari kuziba pengo, na vijana wetu wengi wanaingia kwa mlango huo.

Pembeni ya hayo kuna mpango unaoitwa weltwärts, ulioanzishwa na wizara yao ya ushirikiano wa maendeleo mwaka 2008 ili kupeleka vijana wa Kijerumani, wa miaka 18 hadi 28, katika nchi kama yetu. Kwa miaka ya mwanzo mpango huo ulikuwa barabara ya upande mmoja: wao waje. Ni mwaka 2013 ndipo vijana wa huku nao walipoanza kupokelewa kule. Hata hivyo mizani haijakaa sawa. Wao huja kwa maelfu kila mwaka, na wanaokwenda kutoka nchi zote za kusini kwa pamoja ni mamia.

Kwa sisi wa Usambara, lakini, uhusiano huu ni mkongwe kuliko mpango wa wizara yoyote. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891. Bethel yenyewe ni sehemu ya mji wa Bielefeld. Ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya watu wenye kifafa, na baada ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kuichukua mwaka 1872 ikakua ikawa kama mji, wa watu ambao familia zao hazikujua zifanye nini nao. Watu waliolelewa katika kazi hiyo ndio waliokuja Lutindi, huko juu ya Korogwe, palipokuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyopita pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Iko mpaka leo. Wa Kilimanjaro nao wana misheni yao ya Leipzig tangu 1893, wa Konde wana ya Berlin. Na ile misheni ya Bethel, baada ya kuungana na wengine, leo imo ndani ya UEM yenye makao yake Wuppertal, ambayo tangu 1996 ni jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, dayosisi yetu ikiwamo, kila mmoja akiwa na sauti mezani. Kijana anayetoka Lushoto kwenda kuhudumu Bielefeld anapita njia iliyolimwa na watu wa kwao na wa kule kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Makaratasi nitayapitia haraka, maana katibu wa vijana atawaeleza vizuri zaidi. Namba ya NIDA. Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Pasipoti, ada yake shilingi 150,000. Mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya mwanzo, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Halafu viza, na barua ya askofu hata iwe na mhuri mkubwa kiasi gani haichukui nafasi ya karatasi inayodaiwa. Kama una kijana anayeliwazia jambo hili, anza leo na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Uhamiaji wanataka kujua na wewe mzazi ulizaliwa wapi, na wengi wetu tulizaliwa nyumbani mikononi mwa bibi, tukaandikwa kwenye daftari la ubatizo basi. Nimeona safari ikikwama kwa sababu ya baba, mwana karatasi zake zote ziko tayari.

Basi tuje kwenye hela, maana ndiko mambo yanakoanza kuharibika.

Anayejitolea halipwi mshahara. Anapewa mahali pa kulala, chakula au fedha ya chakula, bima ya afya, na posho kidogo ya mfukoni. Sheria yao imeweka kikomo cha posho hiyo. Kwa mwaka 2025 ilikuwa isizidi euro 644 kwa mwezi, na mashirika mengi hutoa chini ya hapo, mengine chini sana. Najua umeshaanza kupiga hesabu ya shilingi. Ndivyo tunavyofanya wote, na ndiyo kosa lenyewe. Ile fedha inatumika kule, kwenye nauli ya kule, viatu vya baridi vya kule, sabuni ya kule. Ukiigeuza shilingi ukiwa umekaa Soni, unaona kijana ana mshahara wa afisa. Ukiihesabu ukiwa dukani Bielefeld mwezi Januari, unaona mtu anayechagua kati ya kofia na kunywa kahawa na wenzake.

Sasa sikiliza linalotokea. Kijana amefika, hata wiki hazijapita nyingi, simu inaita usiku. Ujumbe wa kwanza ni wa salamu: mwanangu umefikaje, tunamshukuru Mungu. Wa pili: mama anasumbuliwa na miguu. Wa tatu unatoka kwa mjomba ambaye hakuwahi kuwa na namba yake: sisi huku tumesimamisha jengo, limefika kwenye lenta, limebaki bati tu. Hakuna aliyeomba fedha. Kwetu hatuombi hivyo, tunasimulia. Na kijana aliyelelewa vizuri anaelewa. Anaacha kwenda na wenzake matembezini. Anakula mkate na siagi asubuhi na jioni ili abakize. Binti mmoja aliniambia alifika mahali pa kuogopa mlio wa WhatsApp kuliko alivyoogopa mlango wa mkuu wake wa kazi. Na waliomkosesha usingizi walikuwa watu waliomwombea siku ile, wakamwekea mikono.

Nisieleweke vibaya. Kusaidia nyumbani ni heshima, na mtoto asiyemkumbuka mama yake hatuna la kumsifu. Lakini mwaka huu mmoja tulimtoa. Tulisimama kanisani tukasema tunamtoa akahudumie. Haiwezekani Jumapili tumtoe na Jumatatu tumwagize.

Kuna na jambo la kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Vijana wetu wengi hupangwa kwenye chekechea, kwenye nyumba za watu wenye ulemavu, au kwenye nyumba za wazee. Tuchukue nyumba ya wazee. Ni alfajiri, nje bado giza. Unagonga mlango, unasubiri, unaingia. Unamsalimu bibi kwa jina la ukoo, si kwa jina lake la kwanza, maana kwao huo ndio utu uzima. Unamwambia unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Mhudumu mwenye cheti anaongoza, wewe unasaidia: beseni la maji ya vuguvugu, taulo mbili, moja ya uso na moja ya mwili, glavu. Meno ya bandia yanatolewa kwenye kikombe, yanasuuzwa, yanarudishwa. Soksi zinavishwa bila kuvuta, ngozi ya mtu wa miaka tisini huchubuka kwa kitu kidogo. Halafu kifungua kinywa: mkate unakatwa vipande, ganda lake gumu linaondolewa, na hakuna kuharakisha. Kesho bibi yuleyule, kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau, atakuuliza wewe ni nani. Keshokutwa pia. Na yupo ambaye siku moja atakataa mkono mweusi usimguse, aseme kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa mchukue kijana wa kiume wa miaka ishirini na mbili, mwimbaji mzuri wa besi, ambaye dada zake wamemfulia tangu azaliwe. Huyo anaandaliwaje? Semina ya wiki moja haitoshi. Mimi ningependa kila aliyechaguliwa akae kwanza miezi miwili Lutindi, au Irente pale Lushoto, ambako kuna shule ya wasioona, nyumba ya watoto wachanga na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, zote za kanisa letu. Vijana wa Kijerumani wamekuwa wakija kuhudumu huko kwa miaka. Wetu wanapita barabarani na basi. Inakuwaje mtu wa Soni ajifunze kumlisha mtoto asiyeweza kushika kijiko kwa mara ya kwanza akiwa Ujerumani, kwa lugha ambayo bado inamkwaza, wakati mtoto wa namna hiyo yupo kilomita chache kutoka kwao?

Na sisi tunaobaki, kazi hii tunaionaje? Hapa, msikilizaji, naomba tusemezane kikubwa. Nimewasikia wazazi wakiulizwa sokoni mtoto anafanya nini Ulaya, wakajibu: anasoma. Wanaona aibu kusema anaosha wazee. Wanawake wa Kijerumani walipokuja kuwaosha wagonjwa wetu, tuliwaita watumishi wa Mungu, na makaburi yao tunayatunza. Mtoto wetu akimwosha mgonjwa wao, tunasema anasoma. Mtoto akija kusikia jibu hilo, na lazima atalisikia, kwa sababu habari husafiri, atajua kwamba kazi anayoamkia kila alfajiri nyumbani haitamkiki.

Baridi na kufika kwa wakati sitaviongelea. Semina zote zimeshavimaliza, na treni zao zenyewe siku hizi huchelewa. Mizigo nayo kwa kifupi: dagaa wakavu hawana tatizo, lakini nyama kavu na samli ya shangazi viacheni, forodha ya Ulaya hairuhusu nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na vitaishia pipani pale uwanjani mbele ya macho ya mtoto.

Jambo ambalo semina hulipita mbio mno ni historia. Kijana wetu ataulizwa. Atakaa mezani na watu wema kabisa, wamemkaribisha chai na keki, na mtu atasema: mababu zetu walikuwa kwenu, sivyo? Atajibu nini? Lushoto iliitwa Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, na watu wengi zaidi waliuawa na njaa iliyofuata kuliko risasi, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Familia yake imekitafuta kwa miongo mingi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Kijana anayeyajua haya hana haja ya kugombana na mtu mezani. Anaweza kuyasema kwa upole, akamega keki, akauliza na yeye swali. Asiyeyajua atatabasamu tu, na wenyeji wake wataondoka wakidhani kwetu mambo yale yamesahaulika.

Ataulizwa pia kuhusu imani, na hapo mshangao utakuwa wake. Anatoka kwenye kanisa lenye ibada mbili au tatu kila Jumapili, watoto wamekaa chini kwa kukosa viti. Atakwenda ibadani kule atakuta wazee wachache na kinanda kizuri sana. Tangu mwaka 2022 Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja hawafiki tena nusu ya watu wa Ujerumani. Wapo vijana waliorudi wakisema wale si Wakristo. Wapo waliorudi wakisema: niliona watu wasiosali wakimtunza mtu asiye ndugu yao kwa subira ambayo sijaiona kwetu, sijui niwaze nini. Huyu wa pili ndiye ninayetamani apewe mimbari. Kwa kawaida hapewi, kwa sababu hatujui tutamjibu nini.

Maana tunapomkaribisha tena, tunafanyaje? Jumapili moja anasimama kutoa salamu, dakika tatu, anatoa zawadi ya picha au msalaba wa mbao, anaketi. Baada ya hapo ni swali moja tu mtaani: umeleta nini? Wenzake aliowaacha wamemaliza vyuo, mmoja ana bodaboda tatu. Yeye ana cheti cha Kijerumani ambacho mwajiri wa hapa hakisomi, na siku ishirini na tano za semina ambazo sheria ya kule huwatengea, ambamo alijadiliana mambo na vijana wa nchi nyingine kwa namna ambayo kwenye kikao chetu cha usharika itaonekana utovu wa adabu. Namjua mmoja aliyekaa mwaka mzima na watoto wenye usonji, akajifunza kwa saa na siku namna ya kuwatuliza. Alirudi usharikani kwake, ambako nyumba zenye watoto wa aina hiyo zipo, tena wanafichwa vyumba vya ndani. Alipewa kazi ya kupanga viti vya harusi.

Ndipo wengine huamua kutorudi. Tulitaje kwa jina lake, maana kwenye vikao huwa tunaliguna tu. Ujerumani haina wauguzi wa kutosha, na kijana aliyemaliza mwaka wake, lugha imekaa, wakuu wake wanampenda, anaweza kuitwa kusomea uuguzi pale pale kwa miaka mitatu huku analipwa. Si kuzamia. Ni njia ya sheria, mkataba una sahihi. Kanisa la huku linakasirika kwa kuwa liliahidi vijana watarudi. Kanisa la kule linaona haya kwa kuwa linaonekana kama wakala wa ajira. Na mzazi anasherehekea kimyakimya. Mimi siwezi kumhukumu kijana wa miaka ishirini na tatu aliyeona mlango. Nilicho na neno nacho ni kwamba jambo hili halizungumzwi kabla. Lingezungumzwa mezani, mzazi, kijana na mchungaji wakiwepo, mwaka mmoja kabla ya ndege, isingemlazimu mtu kulisema kwa ujumbe wa simu wiki mbili kabla ya tarehe ya kurudi, nafasi ya kijana mwingine ikiwa tayari imeharibika.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati za vijana ni dogo. Mnapopanga semina ya wanaoondoka, tengeni siku moja iwe ya wanaobaki. Waiteni nyumba nzima. Waonyesheni mkataba, uwe umetafsiriwa Kiswahili, posho imeandikwa pamoja na bei za kule. Waonyesheni picha ya mahali atakapofanya kazi, na beseni, na bibi wa kuoshwa. Mleteni aliyekwisha kurudi awaeleze kuhusu simu za usiku; yeye mchungaji akae kimya. Waulizeni: akitaka kubaki, mtamwambia nini? Na mpangeni kabisa, kabla hajaondoka, kazi atakayokabidhiwa akirudi.

Na tafadhali baba aje mwenyewe, asimtume mama na kitenge chake peke yake. Mjomba wa bati naye apelekewe barua yake, yenye jina lake.